Unafanya Vizuri, Dereva

"Jamani, sogeeni! Leo bosi kaja kazini na bwana wake. Akikosea, kesi itasikilizwa chumbani!"

Aliyesema hivyo ni mkunja mashuka mmoja ambaye wenzake walimwita Redio, kwa vile hakuna aliyewahi kuona kitufe chake cha kuzimia. Ukumbi mzima wa kiwanda cha kufulia ukaangua kicheko, hata wale waliokuwa mbali kwenye mashine za kukamua, ambao hawakusikia neno ila waliona meno ya wenzao. Mwanamume aliyechekwa alikuwa amesimama mlangoni na eproni mpya iliyombana kwapani. Alikuwa ameendesha malori tangu ujana mpaka mvi zikamtoka, na kabla ya chai ya asubuhi walikwisha kumpachika jina: Dereva. Alitabasamu. Mgeni kazini atafanya nini kingine?

Mkewe hakucheka wala hakumkaripia mtu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukaguzi, na pale kiwandani walimwita Mama Meza, kwa sababu ya meza ya taa aliyoisimamia kwa miaka mingi kuliko alivyolea watoto wake.

"Dereva," alisema, kama walivyokubaliana, "njoo nikuoneshe."

Walikubaliana njiani asubuhi ileile. Mume ndiye aliyeanza. "Kule niite kama watakavyoniita. Mimi nitakuita msimamizi. Usije ukaniita baba watoto mbele za watu."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani ni nyumbani. Mambo ya kazi tunayaacha getini, mke wangu. Sitaki nikae nakula huku unanifundisha kukunja mashuka, mama yangu anasikiliza."

Mke aliona ni ombi dogo. Akalikubali bila kulipima.

Meza yenyewe ni kioo kipana chenye taa chini yake. Kitambaa kilichofuliwa kinatandazwa juu ya kioo, na kama kina tundu, hata dogo la kupitisha sindano, mwanga unachomoza. Mkaguzi analizungushia penseli, kitambaa kinakwenda kutiwa kiraka. Kilicho kizima kinakunjwa na kufungwa bunda kwa utepe wa rangi ya mkaguzi mwenyewe. Mama Meza alitumia mwekundu. Dereva akapewa wa kijani. Mashuka ya hoteli hayakuwa na shida, lakini kazi kubwa ya kiwanda ilikuwa vitambaa vya hospitali, vile anavyofunikwa mgonjwa wakati wa kupasuliwa. Hapo tundu si tundu tu. Ni mlango wa uchafu kuingia mwilini mwa mtu aliyelala hajijui.

"Unatembeza macho toka kona hii mpaka ile," alisema Mama Meza. "Umeona?"

"Nimeona, msimamizi."

Alichoona ni duara la mwanga katikati, na pembeni ukungu.

*

Hilo la ukungu hakuwa amemwambia mtu. Daktari wa kliniki ya macho alimweleza kwamba ana presha ya macho, ugonjwa unaokula kando kando kwanza na kuacha katikati mpaka mwisho, ndiyo maana mtu husoma gazeti vizuri huku anagonga miimo ya milango kwa bega. Alipewa dawa ya matone, akaambiwa atie kila siku, asiache hata ajisikie mzima. Lori lake lilipokwaruza geti la kampuni kwa mara ya pili, mwenye kampuni alimnyang'anya funguo. Nyumbani alisema wamepunguza madereva. Matone aliyaficha kwenye sanduku la spana, mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haukuwa na kazi.

Aliogopa nini? Aliogopa nyumba yake. Ilikuwa vyumba viwili na pazia, chumba cha mbele analala mama yake na watoto wawili, na yule mama hakuwa mtu wa kupakaza maneno asali.

"Kwa hiyo siku hizi mwanangu anaamrishwa na mkewe toka asubuhi mpaka jioni," alisema jioni ya siku ile ya kwanza, huku anamenya viazi.

"Mama, ni kazi tu," alijibu Dereva.

"Kwani nimesema si kazi? Punda naye anafanya kazi."

"Mama," Mama Meza aliingilia kwa adabu, "akimaliza majaribio anaandikwa kazi ya kudumu. Hakuna sehemu nyingine wanakochukua mtu wa umri wake."

"Sikatai, mkwe. Nasema ninachokiona." Akatazama viazi mkononi. "Na hivi mlivyonunua vimeoza."

Ni kweli, vilikuwa vimeoza.

*

Wiki ilipokwisha, wakati wenzake wako kwenye chai, Mama Meza alivuta bunda moja la utepe wa kijani na kulifungua. Hakuwa na shaka, ni desturi tu ya msimamizi. Kitambaa cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa na tundu upande wa pindo. Cha tatu kilikuwa na mawili, yote pembeni. Alifungua bunda la pili. Katikati safi, pembeni hapakukaguliwa.

Alidhani ameelewa. Anakagua kama mtu anayepita njia, alijisemea. Ana haraka ya kuonekana amemaliza. Ana aibu ya kusimama pale mbele yao.

Yeye mwenyewe alifundishwa kazi hiyo na mwanamke aliyekuwa akikuta tundu anamvika mfanyakazi kile kitambaa kichwani, kisha anamwambia atembee hivyo ukumbi mzima mpaka aone mwanga. Mama Meza alivikwa zaidi ya mara moja. Aliapa kwamba akipata cheo, hakuna mtu atakayelia kwa ajili yake. Na Meneja mpya, binti msomi mwenye heshima, alipokuja kuwafanyia semina ya kulea wafanyakazi wapya, alisema yaleyale kwa maneno mazuri: mtu husifiwa hadharani na hukosolewa faraghani, anza na zuri, usimvunje moyo mwenzako. Wengine walisinzia. Mama Meza alitikisa kichwa kukubali mpaka shingo ikauma.

Lakini faragha ilikuwa wapi? Kiwandani kulikuwa na Redio. Njiani walitembea pamoja na majirani wanaofanya kazi kiwanda cha jirani. Nyumbani kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mama mkwe ambaye hata kikohozi chake kilikatika wakianza kunong'ona. Na kitandani, ambako hapakuwa na mtu mwingine, kulikuwa na ile ahadi ya getini.

Basi alichukua sindano, akatia viraka mwenyewe, harakaharaka, chai yake ikapoa. Akafunga mabunda upya kwa utepe uleule wa kijani.

Jioni, wakati wanavua eproni, mumewe aliuliza kama anayetania, "Msimamizi, mwanafunzi anaendeleaje?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Redio alikuwa ameshapanua mdomo tayari kudaka.

"Unafanya vizuri, Dereva," alisema Mama Meza. "Hongera."

Uso wa mumewe ulifunguka. Hakuwa ameuona hivyo tangu lori lilipoondoka. Njia nzima alikuwa anatembea mbele kidogo, akisalimia watu asiowajua, na usiku ule aliwafanyia watoto masihara mezani mpaka bibi yao akauliza kama amekunywa.

Nitamwambia wiki ijayo, alifikiri mkewe. Wiki ijayo ilipofika, alitia viraka vya wiki ijayo.

*

Siku moja walikuwa uani, jua linazama nyuma ya paa za bati. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa jirani. Dereva alikuwa anaosha miguu kwenye beseni.

"Mama watoto," alianza, "ile meza. Kuna kitu nilitaka nikwambie kuhusu ile meza."

Mke alishtuka. Kwa wiki nzima alikuwa anaogopa kwamba mumewe atachoshwa na kicheko cha wale watu na kusema anaacha. Akamuwahi.

"Usijikatishe tamaa, baba. Najua unachotaka kusema. Kila mtu mwanzo anahisi haiwezi. Wewe unaiweza. Unafanya vizuri kuliko wengi niliowafundisha."

"Kweli?"

"Ningekudanganya ili iweje?"

Dereva alitazama maji ya beseni. Alikuwa amejipanga siku nyingi. Maneno alikuwa nayo mdomoni: mwenzio sioni vizuri, nisaidie, usimwambie mama. Lakini sasa akajiuliza, mtu asiyeona anawezaje kusifiwa kwa kuona? Kazi yote ile ilikuwa ya macho, na mwenye meza amesema kazi ni nzuri. Basi huenda daktari alizidisha. Huenda matone yameshafanya kazi yake. Mtu anayetaka kupona haoni tabu kupata ushahidi.

"Ulikuwa unasemaje?" mkewe aliuliza.

"Hakuna. Umeshanijibu."

Mwezi ule hakwenda kliniki. Chupa ya dawa ilipokwisha, hakununua nyingine.

*

Meneja alimwita Mama Meza ofisini, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, nimeangalia. Hakuna bunda la kijani hata moja lililorudishwa na hospitali. Wengine wote wanarudishiwa moja moja, hata wewe. Sijaona malezi ya kazi kama haya. Nataka uende tawi jipya ukawafundishe wapya, wiki moja tu. Dereva atabaki na meza."

"Peke yake?"

"Si ameiva? Karatasi zake za kazi ya kudumu nitazisaini ukirudi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, hapakuwa na Redio wala mama mkwe, na aliyekaa mbele yake alikuwa binti asiyepiga kelele. Faragha aliyokuwa akiitafuta ilikuwa imemvutia kiti. Mama Meza alifungua mdomo. Akaziona zile karatasi za kudumu.

"Asante, mwanangu," alisema.

Njiani alijaribu. "Wiki hii sitakuwepo. Kagua taratibu, baba. Hasa pembeni. Pembeni mwa kitambaa."

Dereva alisimama. "Kwani pembeni nakosea?"

Lilikuwa swali la moja kwa moja, la mtu anayetaka kujua. Sauti yake ilitetemeka kidogo, na mkewe aliisikia, na ndiyo iliyomponza.

"Hapana! Hapana. Unafanya vizuri. Nakukumbusha tu."

"Ulinishtua," alisema Dereva, akacheka.

*

Hospitali ilirudisha gari zima. Mabunda yalirundikwa kwenye sakafu ya ofisi ya Meneja, tepe za kijani zikining'inia. Mama Meza aliitwa kutoka tawi jipya katikati ya somo.

"Kaa, mama. Nitakuuliza bila kukuhukumu." Meneja alimmiminia maji. Macho yake yalikuwa mekundu. Na yeye alikuwa ameitwa mahali na kuulizwa. "Kuna mwanamke alipasuliwa kujifungua. Kidonda kimeoza. Baada ya hapo ndipo walipokiangalia kitambaa alichofunikwa. Hawasemi ni kitambaa. Hawasemi si kitambaa."

"Yu hai?"

"Yu hai. Mtoto yuko kwa bibi yake." Meneja alifungua bunda jingine, la zamani kidogo, akalaza kitambaa mezani. "Hivi vya wiki hii vina matundu. Vya nyuma vina viraka. Viraka ambavyo havikupita chumba cha kushonea. Mishono hii ni ya nani, mama?"

Mama Meza alikigusa kitambaa. Mishono ilikuwa myembamba, ya msalaba, ya mkono wake.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa namsaidia."

"Ulimwambia lakini? Hata mara moja?"

Mama Meza alitazama tepe sakafuni.

Meneja alizungusha kalamu vidoleni. "Hospitali wanataka jina. Nikiandika kwamba msimamizi alijua akaficha, mnaondoka wote wawili. Nikiandika kwamba mfanyakazi wa majaribio alizembea, anaondoka mmoja. Mna watoto."

"Hakuzembea."

"Basi alifanya nini?"

Ndipo Mama Meza alipogundua kwamba hajui. Miezi yote ile ya kushona viraka hakuwahi kumuuliza kwa nini.

"Andika alizembea," alisema.

"Naomba umwambie wewe. Ndiye uliyemlea kazini. Arudishe eproni leo." Kisha Meneja, kwa nia njema kabisa, akaongeza: "Mwambie kwa upole, mama. Anza na zuri."

*

Alimpeleka stoo ya nguo chafu. Kulikuwa na harufu ya dawa na damu kavu, na balbu moja. Alibeba kitambaa kimoja mkononi, hakujua kwa nini.

"Wanakutoa," alisema. Hakuanza na zuri. "Mabunda yamerudi. Yana matundu. Hata ya nyuma yalikuwa nayo, nilikuwa nayatia viraka mimi."

Dereva alimtazama kama anayengoja mzaha umalizike. "Ya nyuma yapi?"

"Yote."

"Toka lini?"

"Toka wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza uliniambia hongera. Mbele ya watu."

"Sikutaka wakucheke! Nilitaka nikwambie taratibu. Wewe mwenyewe ulisema kazi ibaki getini." Sauti ilimpanda, akaisikia ikigeuka kuwa ya yule mwanamke wa zamani, na hakuweza kuizuia. "Lakini na wewe! Ni kitu gani kigumu? Kutembeza macho tu toka kona hii mpaka ile! Hebu tazama!" Akakishika kile kitambaa na kukinyoosha mbele ya balbu. "Yako hapa! Mtoto mdogo angeyaona!"

Dereva alitazama. Alitazama katikati ya kitambaa, palepale, kwa bidii, kama mtu anayetaka kufaulu mtihani.

"Hapo pazima," alisema.

Tundu lilikuwa kando ya kidole gumba cha mkewe, kubwa kama sarafu, mwanga umechomoza mpaka shavuni kwake. Mama Meza alisogeza mkono wake polepole upande, akautikisa. Macho ya mumewe hayakuufuata.

"Baba watoto," alisema, kwa mara ya kwanza tangu waingie geti lile. "Toka lini?"

Dereva akamweleza yote, amekaa juu ya furushi la mashuka machafu: geti la kampuni, daktari, matone, sanduku la spana. Alieleza bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi mkewe.

"Na matone unatia?"

"Niliacha."

"Uliacha! Kwa nini?"

"Ulisema nafanya vizuri," alijibu Dereva. "Nikajua macho yamepona."

Walipotoka, ukumbi mzima ulijua. Dereva alivua eproni, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaiweka juu ya meza ya taa. Redio alikuwa amesimama pale karibu, shuka mkononi. Mama Meza alimngojea aseme neno, neno lolote. Redio aliinamisha uso, akaendelea kukunja.

*

Daktari wa kliniki alikuwa na foleni mpaka nje, hakuwa na muda wa kuzungusha maneno.

"Miezi mingapi bila dawa?" aliuliza. Akaambiwa. Akaweka tochi yake chini. "Hili la kushoto limekwenda. La kulia tutajaribu kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Mlielezwa?"

"Nilielezwa mimi," alisema Dereva. "Yeye hakuambiwa."

"Angekuwa ametia dawa…" Mama Meza alianza.

"Angekuwa na zaidi ya alichonacho," alisema daktari. "Anayefuata!"

Mama Meza aliendelea kwenda kazini, kwa kuwa lazima mmoja aende. Meza ilirudi kwake. Mwanamke wa hospitalini alitolewa akiwa amepona nusu; habari hiyo aliisikia kwa wengine, wala hakuthubutu kuuliza zaidi. Kiwandani sasa aliwaambia wapya makosa yao palepale, kwa sauti ndogo, na wapya wakasema yule mama ni mkali. Nyumbani alijaribu kuongea. Alisema chakula kimeiva, mvua inakuja, mtoto amefaulu hesabu. Mumewe aliitikia. Kisha, mke akigeuka, mume alionja chakula, alinyoosha mkono nje ya mlango kupima mvua, alimwita mtoto na kumuuliza mwenyewe.

Asubuhi moja Dereva alijiandaa kwenda kuonana na mtu aliyesikia anahitaji mlinzi wa mchana. Alivaa shati lake la kwendea misibani. Alivifunga vifungo kwa kupapasa, akasimama katikati ya chumba cha mbele.

"Nimekaaje?" aliuliza.

"Umependeza," alisema mkewe upesi. Akamsogelea, akatazama vizuri kola, vifungo, mikono, akarudia kwa makini, "Shati limekaa sawa. Kweli limekaa sawa."

Na lilikuwa limekaa sawa.

Dereva aliinua mkono. Vidole vyake vilipanda kifuani, kifungo kimoja baada ya kingine, mpaka shingoni. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye kona, ambako mama yake alikuwa anakunja godoro.

"Mama," alisema, "hebu niangalie."

Mama mkwe aliacha godoro. Alimtazama mwanawe, akamtazama na mkwewe aliyesimama pale mikono imekufa ubavuni, na kwa mara ya kwanza toka waishi nyumba moja alionekana kutotaka kusema alichokiona.

"Uko sawa," alisema. "Nenda."

Ndipo alipotoka, bega moja likagusa mwimo wa mlango.